Thika na Ruiru: Kumbukumbu ya Vita vya Dunia

Thika na Ruiru ni miji ya Kaunti ya Kiambu, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi, ambayo wenyeji wa eneo lake walitumika upande wa Uingereza na washirika wake katika Vita vya Dunia vyote viwili, ingawa kumbukumbu ya utumishi huo imewaenzi baadhi yao na kuwasahau wengine.

Katika vita vya 1914–1918 dhidi ya majeshi ya Kijerumani yaliyoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, barabara zilikuwa chache na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, hivyo Waingereza waliwategemea wapagazi, yaani watu waliobeba vyakula, risasi na majeruhi kwa vichwa na mabega yao. Kikosi chao, Carrier Corps, kilitamkwa Kariakoo, jina lililobaki Dar es Salaam, na Kariokor huko Nairobi. Mwaka 1917 John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, alisimamia uandikishaji wa lazima uliowachukua vijana wengi wa nchi ya Wakikuyu na Wakamba. Wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 95,000, na wengi wao waliuawa na maradhi.

Mashariki ya Thika, katika mteremko wa mlima Kilimambogo, limo kaburi la Sir William Northrup McMillan, Mmarekani mwenye shamba la Juja, aliyetumika katika kikosi cha Uingereza cha Royal Fusiliers na kufariki mwaka 1925. Kaburi hilo, lililo pamoja na la mkewe Lucie, hutembelewa na wageni hadi leo, ilhali wapagazi waliotoka katika vilima vinavyouzunguka mlima huo hawana hata jiwe lenye majina yao.

Katika Vita vya Pili, askari wa King's African Rifles, ambao Waswahili waliwaita keya, walipelekwa Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapigana pamoja na Wahindi na Waingereza katika bonde la Kabaw na kuufikia mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Huku nyumbani, baada ya uhuru wa Kenya, kambi ya Uingereza ya Templer, iliyokuwa Kahawa karibu na Ruiru, ilikabidhiwa Kenya mwaka 1965 ikawa Chuo cha Kenyatta, ambacho sasa ni chuo kikuu.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi baada ya uchunguzi wake kuonyesha kwamba waliofia vita vya kwanza wasiopungua 116,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Ombi hilo la radhi haliwezi kurudisha jina lisilopata kuandikwa. Hivyo familia za Kiambu zenye nishani, barua au simulizi za wazee zinapaswa kuzihifadhi na kuwarithisha watoto kabla wanaozijua hawajatoweka.