Fungu la Wiki na Sheria Mjini Baghdad

Torati imegawanywa katika mafungu 54, na masinagogi husoma fungu kila wiki na kuyamaliza yote kwa mwaka mmoja. Desturi hiyo ilitoka Babeli. Palestina ya kale ilitumia takriban miaka mitatu. Mjini Baghdad, rabi Yosef Hayyim alirithi kazi ya baba yake ya kuhubiri mwaka 1859, akawahubiria watu siku za Sabato kwa takriban miaka 50, hadi alipofariki mwaka 1909. Kitabu chake, Ben Ish Hai, kinafuata mafungu hayo: kila sura huanza na mafunzo ya kiroho, kisha huingia katika sheria za Kiyahudi. Mathalani, chini ya fungu la Nuhu mna kanuni za kuwasha taa za Sabato. Wayahudi wengi wenye asili ya Iraki wangali wanafuata maamuzi yake.