Mvuvi tumtafute kwenye M au kwenye V? Historia fupi ya kupanga faharasa

Chukua kitabu kinachohusu mwambao wa Ziwa Tanganyika, nenda kwenye faharasa mwishoni, umtafute Muha. Utaanzia M? Au W, kwa kuwa wanatajwa kama Waha? Au U, kwa sababu nchi yao ni Uha? Au K, kwa Kiha? Na bado hujafika H, ambako vitabu vingi vya Kiingereza vimeliweka jina hilo baada ya kukata kiambishi. Watu walewale, herufi tano. Ukikosea herufi, unafunga kitabu ukiamini kwamba hawakutajwa kabisa.

Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Katika kitabu chake cha 1860, Burton ilibidi awaeleze wasomaji wake wa Uingereza kwamba U- ni nchi, M- ni mtu mmoja, Wa- ni watu na Ki- ni lugha. Bila hivyo, wangedhani Ujiji, Mjiji na Wajiji ni mambo matatu yasiyohusiana.

Watunga kamusi nao wakagawanyika. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliweka majina mengi yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe. Kwa mantiki hiyo, "mvuvi" na "uvuvi" ni watoto wa "vua", kwa hiyo nenda V. Ni safi kwa mwanaisimu, ila mtu wa kawaida lazima ajue sarufi kwanza ndo apate neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, 1981, ikafuata njia nyingine: neno likae pale linapoanzia. Mvuvi yuko M, basi.

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Miaka hiyohiyo ya 1980, Donald Knuth wa Stanford alitengeneza mfumo ulioitwa WEB, ambamo programu na maelezo yake huandikwa pamoja kama kitabu. Sehemu yake iliyoitwa WEAVE ilitengeneza faharasa yenyewe: karibu kila jina lililotumika kwenye programu, pamoja na namba za vifungu linamotokea, na mstari chini ya namba ya kifungu linapofafanuliwa. Lakini Knuth aliona kwamba neno linavyochapishwa na mahali linapostahili kukaa ni vitu viwili. Akaacha mlango: mwandishi aweze kutaja neno la kupangia, ambalo halionekani kwenye karatasi. Mwaka 1987 programu ya MakeIndex ya Pehong Chen, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Leslie Lamport, ikaurahisisha mlango huo kwa alama moja tu, @. Ukiandika "Ha@Waha", kitakachochapishwa ni Waha, ila kitapangwa kwenye H.

Kwa nini mlango huo ni muhimu? Kwa sababu mashine haioni maneno, inaona namba. Katika ASCII, Z kubwa ni 90 na b ndogo ni 98, kwa hiyo ukipanga kwa namba tupu, "Ziwa" linatangulia "boti". Alama ya ritifaa ni 39 na a ni 97, kwa hiyo "ng'ombe" anaingia kabla ya "ngano".

Tuseme umeandika programu ya kurekodi dagaa na migebuka wanaoshushwa mwaloni Kibirizi, pale Kigoma, na unataka mwongozo wake uwe na faharasa. Unaweza kuandika skripti ya mistari michache: isome kila neno, ikate M-, Wa-, U- na Ki-, iweke @, kisha ipange. Wavuvi, mvuvi na uvuvi watakaa jirani, safi kabisa. Halafu inafika "wavu". Skripti inakata wa-, inabaki "vu", na nyavu za watu zinahamishiwa kwenye ngeli ya watu! Ikikutana na Kigoma inaipeleka G, na Kibondo inaipeleka B, ambako hakuna mkazi wa Kibondo atakayeitafuta.

Kwa hiyo skripti nzuri haikati kwa kukisia. Inasoma jedwali la safu mbili ulilolijaza mwenyewe: neno, na mahali pake. Wavu iachwe W, na penye "nyavu" pawe na "tazama wavu". Ujiji ibaki U, maana hakuna anayeitafuta J. Waha wawekwe W, na kwenye H paandikwe "tazama Waha", ili aliyezoea vitabu vya Kiingereza naye afike. Neno lisilomo kwenye jedwali skripti ilioneshe, wewe uamue.

Kupanga ni kazi ya mashine, na inaifanya haraka kuliko sisi. Ila kuamua neno likae wapi ni kumjibu mtu fulani: nani atafungua ukurasa huu, na ataanza kutafuta wapi? Burton aliwajibu wasomaji wa London. Ukiandika mwongozo wa mwalo wa Kibirizi, wewe unamjibu nani?