Nyumba Tupu za Abkhazia katika Filamu ya Eric Baudelaire

Vita vya 1992–1993 vilipokwisha, Abkhazia ilikuwa imejitenga na Jojia, na Wajojia zaidi ya 200,000 walikuwa wamekimbia. Nyumba zao zilibaki. Baadhi zikatwaliwa, nyingine zikaachwa kuwa magofu.

Filamu ya majaribio ya Baudelaire, Letters to Max (2014), ilianza kwa posta kabla ya kamera. Mwaka 2012 alimwandikia Maxim Gvinjia, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Abkhazia, akitarajia barua irudishwe, kwani Ufaransa haiitambui nchi hiyo. Barua ilifika. Nyingine zikafuata, 74 kwa jumla, naye Gvinjia akajibu kwa kurekodi sauti yake. Maswali huonekana kwa maandishi kwenye skrini, sauti husimulia, na picha huenda njia yake, bila kulazimika kuithibitisha sauti. Hapo ndipo penye nguvu ya filamu: mtazamaji husikia matumaini ya dola changa huku akiitazama nchi iliyopoteza sehemu kubwa ya watu wake.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina gharama. Barua humfikia mwenye anwani, na Mjojia aliyekimbia hana tena anwani Abkhazia. Baudelaire huuliza kwa upole, pengine kupita kiasi, na anayejibu ni mmoja tu. Mwaka huohuo wa 2014, katika maonyesho ya Paris yaliyoambatana na filamu, Gvinjia aliketi katika ofisi mfano wa ubalozi, akipokea wageni.