Mbona hii haigomi? Bastola, fataki na Turkana

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na seva, niwaeleze swali nililoulizwa Kakuma, ambalo nilirudi nalo hadi nyumbani.

Nilikwenda kule kufunga kompyuta kwenye darasa la vijana, mchanganyiko wa wakimbizi na wenyeji Waturkana. Masomo yalipokwisha wakafungua mchezo wa kupigana risasi. Kijana mmoja akapiga risasi sita za bastola, akajaza, akapiga sita nyingine. Halafu akanigeukia: "Mwalimu, mbona hii haigomi?" Nikamuuliza, igome kwa nini? Akanitazama kama mtu asiyejua maji yanachotwa wapi. "Za kwetu hugoma."

Mimi ni mtu wa programu, hata manati sina. Ikabidi nisome.

Kiswahili chenyewe kinaijua historia hii. Wazee wa pwani walikuwa na bunduki za gumegume, ambazo jiwe liligonga chuma likatoa cheche, na cheche ikawasha baruti. Kukiwa na mvua au upepo, basi. Mwaka 1800 Mwingereza Edward Howard alieleza kemikali ya zebaki inayolipuka kwa kugongwa tu, na mwaka 1807 Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Uskoti aliyependa kuwinda ndege, akapata hataza ya kutumia milipuko ya namna hiyo kuwashia bunduki. Hapo ndipo tukaingia enzi za fataki. Kufikia miaka ya 1860 fataki ilikuwa imehamia kwenye kitako cha risasi yenyewe: kikombe kidogo cha chuma, kemikali ndani, na nyuma ya kemikali kitu kigumu kinachofanya kazi ya fuawe. Nyundo ikigonga kikombe, kemikali inabanwa juu ya fuawe, inawaka.

Sasa njoo kwenye bastola ya silinda. Unapovuta kifyatulio, kidole chako kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinazungusha silinda, na kinairudisha nyundo nyuma dhidi ya springi. Ndiyo maana kifyatulio cha bastola ya aina hii ni kizito, na bastola inayumba mkononi kabla haijalia. Sehemu ya uzito huo ni msuguano wa vyuma, hasara tupu. Lakini sehemu nyingine ni akiba: nguvu ya kidole inawekwa kwenye springi, kisha nyundo inaitoa yote juu ya fataki.

Ukitaka kifyatulio chepesi, njia ya haraka ni springi dhaifu zaidi. Kidole kitafurahi. Fataki laini bado itawaka, ila ngumu au iliyozeeka itabaki na alama ya kugongwa tu, kimya. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: upande mmoja unapunguza kile unachotuma, upande wa pili haukuambiwa.

Waingereza waliupitia mtihani huu. Bastola yao ya Vita Kuu ya Kwanza, Webley ya .455, ilikuwa jitu. Baadaye wakahamia Enfield ndogo zaidi ya .38, na mwaka 1938 wakatoa toleo lisilo na kishikio cha nyundo, kwa sababu kilikuwa kikinasa ndani ya vifaru. Bila kishikio huwezi kutega nyundo kwa kidole gumba, lazima uvute kifyatulio safari nzima, hivyo wakalegeza na springi. Askari wengi hawakuipenda. Lakini serikali iliyoagiza bastola ndiyo iliyoagiza na risasi. Springi na fataki zilikuwa na bwana mmoja.

Hapo nikaanza kumwelewa yule kijana, na nilipofika Lodwar nikamwelewa zaidi. Mji huo unajulikana kwa nyumba alimozuiliwa Jomo Kenyatta kuanzia 1959 hadi 1961, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung. Mimi nilikuwa nawaza miaka ya nyuma zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waturkana walipata bunduki kutoka Uhabeshi, kupitia soko la Maji, kwa kubadilishana na pembe za ndovu na mifugo. Nyingi zilikuwa Gras, bunduki ya Kifaransa ya mwaka 1874, risasi moja moja, ambayo jeshi la Ufaransa lilikuwa limeshaiacha. Na jambo lililonishangaza kuliko yote: Uhabeshi wa wakati huo risasi zilitumika kama pesa, pamoja na vipande vya chumvi. Fikiria chenji yako ni risasi. Imepita mikono mingapi, imelala mifuko mingapi, imenyeshewa mara ngapi? Kisha siku ya uvamizi unaitia kwenye kasiba. Fataki hufa kwa uzee na unyevu, na kiwanda cha fataki hiyo kiko Ulaya. Hakuna fundi wa springi anayeweza kuponya risasi iliyokufa.

Waingereza walituma misafara ya kijeshi, mkubwa ukiwa ule wa Labur mwaka 1918, wakisaidiwa na askari kutoka Sudani. Bunduki na mifugo vikachukuliwa. Majirani wa upande wa Uhabeshi hawakunyang'anywa, na Waturkana waliobaki mikono mitupu wakavamiwa mara kwa mara.

Miaka ya 1970, Wakaramojong wa Uganda walikuwa wakijiundia bunduki kwa mabomba ya samani za chuma. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, wakaingia kwenye ghala la kambi ya Moroto, na silaha za kiwandani zikatapakaa pande zote, Turkana ikiwemo. Kuanzia hapo bunduki haikuwa shida tena. Risasi nzuri ndiyo shida.

Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey la Geneva lilichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Mtafiti alisoma alama zilizogongwa kwenye vitako vya risasi, pembeni mwa fataki. Karibu nusu ya risasi zilizozunguka kinyume cha sheria zilikuwa zimetengenezwa Kenya, Eldoret, na ripoti ikasema zilitoka mikononi mwa polisi, kwa ajili ya wafugaji kujilinda dhidi ya majirani wa nje. Kwa hiyo mtu mwenye risasi ya Eldoret alikuwa na fataki mpya. Jirani yake aliyekosa alibaki na zile za kubahatisha.

Nilimwandikia yule kijana haya yote kwa ufupi. Akajibu kwa mstari mmoja: babake alikuwa na tatu, mbili ziligoma.