Redio ya setilaiti na magari ya mtumba Ituri

Redio ya setilaiti ilifika Afrika kabla ya Marekani. WorldSpace, kampuni ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar Oktoba 1998. Kampuni ya XM ya Marekani ilianza 2001. Mawimbi yalifika hata kwenye machimbo ya dhahabu ya Kilo, Ituri, lakini redio za WorldSpace zilikuwa ghali mno, na kampuni ikafilisika 2008.

Kwa gari la mtumba kutoka Japani shida ni nyingine, tena ya kuudhi zaidi: FM yake mara nyingi huishia megahezi 90, ilhali stesheni za Kongo hupanda hadi 108. Fundi huunga kwenye waya wa antena kifaa kidogo cha kushusha masafa. Stesheni ya Kongo, Radio Okapi, iliyoanza 2002, ilipeleka vipindi Bunia, mji wa Ituri, kwa setilaiti. Hata hivyo, dereva wa gari la namna hiyo alipokea FM tu.