Ngazi Iliyokatwa Vipandio

Watu wengi hudhani kwamba uongozi hutolewa kwa siku moja. Wakuu wa kazi hukutana, majina hutajwa, sifa hupimwa, na mmoja huchaguliwa. Ikiwa katika orodha ile halimo jina la mwanamke, husemwa kwamba hapakuwa na mwanamke aliyefaa. Neno hilo lina sura ya haki, lakini historia ya kazi za sayansi hailiungi mkono. Yaonyesha kwamba aghalabu mwanamke hakunyimwa uongozi siku ya uchaguzi, bali alinyimwa miaka mingi kabla yake, kidogo kidogo, kwa mambo ambayo kila moja likitazamwa peke yake laonekana dogo: mlango wa kuingilia, jina la cheo, kiasi cha mshahara, nyumba ya kukaa. Haba na haba hujaza kibaba, na vizuizi navyo hukijaza vivyo hivyo. Tutazame maisha ya wanawake watatu, mmoja wa Austria, mmoja wa Uingereza, na mmoja wa kwetu Kenya, ili tuone jinsi kibaba hicho kilivyojazwa.

Lise Meitner alizaliwa Vienna mwaka 1878. Katika utoto wake shule zilizowatayarisha vijana kwa chuo kikuu zilikuwa za wavulana tu, hata ikambidi kujifunza kwa mwalimu wa nyumbani. Alipata shahada ya udaktari wa fizikia mwaka 1906, na mwaka uliofuata akaenda Berlin kutafuta elimu zaidi. Huko alishirikiana na Otto Hahn, mtaalamu wa kemia, katika kuchunguza nguvu zinazotoka katika madini. Lakini mkuu wa jumba la kemia, Emil Fischer, hakutaka wanawake katika vyumba vyake vya kazi. Baada ya kuombwa alikubali jambo moja: Meitner afanye kazi katika karakana ya zamani ya seremala, iliyokuwa chini ya jumba na yenye mlango wake wa nje, wala asipande kwenye vyumba vya juu walimofanya kazi wanaume. Hata haja ya choo ilimlazimu kwenda kwenye mkahawa wa jirani.

Katazo hilo liliondolewa baada ya serikali ya Prussia kuwafungulia wanawake vyuo vyake vikuu mwaka 1908. Lakini mlango kufunguliwa si sawa na kiti kutolewa. Mwaka 1912 jumba jipya la utafiti wa kemia lilipofunguliwa karibu na Berlin, Hahn alipewa idara yake na mshahara wake. Meitner, ambaye kazi yao ilikuwa moja, aliingia kama mgeni asiye na malipo. Tangu mwaka 1907 alikuwa akiishi kwa fedha za jamaa zake, na mshahara wake wa kwanza aliupata mwaka huo wa 1912, alipofanywa msaidizi wa Profesa Max Planck. Baadaye alipewa idara ya fizikia aiongoze, na mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza nchini Ujerumani kuwa profesa wa fizikia. Hapana mtu awezaye kusema kwamba alikosa akili au bidii. Alichokosa kwa miaka mingi ni vipandio vya chini vya ngazi, vile ambavyo wenzake walivikuta vimekwisha wekwa.

Wa pili ni Cecilia Payne, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1900. Alisoma Cambridge, chuo ambacho hakikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948. Siku moja alisikia hotuba ya Arthur Eddington, aliyekuwa amerudi kutoka kisiwa cha Príncipe, upande wa Afrika Magharibi, alikokwenda kutazama kupatwa kwa jua kwa mwaka 1919. Hotuba hiyo ilimvuta kwenye elimu ya nyota. Lakini aliona wazi kwamba Uingereza ya siku zile haingempa mwanamke kazi katika elimu hiyo ila ualimu wa shule. Kwa hiyo mwaka 1923 alivuka bahari kwenda Harvard, Marekani, kwa msaada wa masomo.

Katika jumba la nyota la Harvard wanawake walikuwako tangu zamani. Walipima picha za nyota na kupiga hesabu zake, kazi ya uvumilivu mkubwa na malipo madogo. Mmoja wao, Annie Jump Cannon, alianza kazi mwaka 1896 na katika maisha yake alizipanga nyota zipatazo 350,000 kwa jamii zake. Mpango wake ulikubaliwa na wataalamu wa mataifa mengi. Lakini chuo hakikumpa cheo chake rasmi mpaka mwaka 1938, baada ya utumishi wa miaka 42. Basi wanawake walikaribishwa kuhesabu nyota, ila hawakukaribishwa kusema hesabu zile zina maana gani. Huo ndio mpaka ambao Payne aliuvuka.

Katika tasnifu yake ya mwaka 1925, Payne alionyesha kwamba hewa ya haidrojeni imezidi mno katika nyota, hata ikawa karibu mara milioni moja kuliko madini. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba jua limeumbwa kwa vitu vilevile vya dunia, na kwa kiasi kilekile. Henry Norris Russell, mkuu wa elimu hiyo katika Marekani, alimwandikia kwamba jambo hilo haliwezekani. Payne alikuwa na umri wa miaka 24, mgeni katika nchi, bila cheo wala kazi ya hakika; na neno moja la Russell lilitosha kumpa mtu kazi au kumnyima. Akaandika katika tasnifu yake kwamba hesabu ile ya haidrojeni yamkini si ya kweli. Mwaka 1929 Russell alifika kwenye jambo lilelile kwa njia nyingine, akakiri kwamba Payne alikuwa amelipata kabla yake.

Tuwe waadilifu katika hukumu yetu. Russell hakupinga kwa sababu ya jinsia ya mwandishi tu. Alikuwa na hoja za elimu ya siku zake, na alipoona kweli aliikubali. Lakini tujiulize: mtu mwenye kiti imara angaliandika kwamba macho yake mwenyewe yamemdanganya? Hapa ndipo tunapoona kwamba kumnyima mtu cheo si kumdhulumu yeye peke yake. Elimu yenyewe hudhulumika, kwa sababu kweli iliyo mkononi mwa mtu asiye na nguvu hungoja mpaka mwenye nguvu aifikie kwa miguu yake.

Baada ya hapo Payne alibaki Harvard, akafundisha na kuwaongoza wanafunzi katika utafiti. Lakini jina la kazi yake lilikuwa msaidizi, na mshahara wake ulikuwa wa msaidizi. Mkuu wa jumba la nyota, Harlow Shapley, alipomwombea cheo, rais wa chuo alikataa katakata. Masomo aliyoyafundisha hayakuandikwa katika kitabu cha masomo ya chuo mpaka mwaka 1945. Fikiri jambo hilo: wanafunzi walikaa mbele yake, walimsikia, walifaulu kwa mafunzo yake, na bado kwa mujibu wa kitabu mwalimu huyo hakuwapo! Mwaka 1956 hatimaye alifanywa profesa kamili, kisha mkuu wa idara ya elimu ya nyota, mwanamke wa kwanza kuongoza idara katika Harvard. Kutoka tasnifu yake hadi kiti hicho ilikuwa miaka 31.

Labda msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. La, yalikuwako kwetu pia. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, alirudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na shahada ya pili ya elimu ya viumbe. Alikuwa ameahidiwa kwa barua kazi ya usaidizi wa utafiti katika chuo cha Nairobi. Alipofika aliambiwa kwamba kazi ile amepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kwamba alikataliwa kwa sababu ya jinsia yake na kabila lake. Alipata nafasi nyingine kwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya elimu ya viungo vya wanyama katika kitivo cha utabibu wa mifugo. Mwaka 1971 Maathai alipata shahada ya udaktari, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuipata.

Hata hivyo shahada haikumaliza mambo. Masharti ya kazi ya chuo yaliwapa wanawake manufaa haba kuliko wanaume, kama vile haki ya nyumba. Kwani ilidhaniwa kwamba mwanamke aliyeolewa atatunzwa na mumewe. Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa kemia ya viumbe, walidai masharti yaliyo sawa. Wenzao wengine waliwaona wasumbufu, na juhudi yao ya kuunda chama cha wafanyakazi chuoni ilishindwa mahakamani. Lakini mengi ya madai yao yalikubaliwa baadaye. Mwaka 1976 Maathai alifanywa mkuu wa idara yake, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa eneo hili. Dunia yamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Yafaa sisi tukumbuke pia kwamba alidai nyumba ya mfanyakazi, kwa kuwa alijua kwamba asiyehesabiwa kuwa mfanyakazi kamili hatahesabiwa kuwa kiongozi.

Tukiyaweka maisha haya matatu pamoja, twaona mambo mawili. La kwanza, katika kila habari alikuwapo mwanamume aliyefungua mlango: Planck, Shapley, Hofmann. Wema wao usisahauliwe. Lakini haki inayotegemea wema wa mtu mmoja ni haki ya kuazima. Mtu huyo akiondoka, nayo yaweza kuondoka. Ndiyo maana sheria na masharti yaliyoandikwa yana thamani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Sheria hiyo haijatimizwa kila mahali, lakini imekuwapo, na mtu aweza kuinyoshea kidole.

La pili, wasichana huambiwa shuleni kwamba penye nia pana njia. Ni neno jema, ila si neno lote. Meitner, Payne na Maathai walikuwa na nia isiyopungua. Njia ndiyo iliyopunguzwa, na waliofanya hivyo walikuwa watu, si maumbile. Kilichofungwa na watu chaweza kufunguliwa na watu. Kwa hiyo wewe msomaji, uwe mvulana au msichana, siku utakapopewa madaraka katika maabara, hospitali au chuo, usitosheke kuuliza ni nani aliyefika juu ya ngazi. Inama utazame chini, uhesabu vipandio, na ukiona kimoja kimekatwa, kirudishe mahali pake.