Deni la Mwafrika na daftari la Mangi

Mwenzenu nilipotelea kwenye madesa ya historia, na humo nimekutana na kitu kilichoninyima usingizi. Si mtihani, msiogope.

Mwaka 1923, Waingereza wakitawala Tanganyika, walitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa "wenyeji", wakaja kuiandika upya 1931. Ilikuwa hivi: mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hawezi kumdai mahakamani mpaka mkopo uwe umeidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Eti kumlinda Mwafrika asinyonywe na wenye maduka. Kenya nako kulikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1903.

Haya, jifanye wewe ndiye mwenye duka la jumla. Mteja asipolipa huna pa kumshtaki. Utamkopesha? Thubutu! Kwa hiyo Mwafrika aliyetaka kuanzisha kiduka chake alibaki na hela yake ya mkononi tu, hata awe mwaminifu vipi. Sheria haikuuliza kama unalipa madeni, iliuliza wewe ni nani.

Siku hizi wanauliza kama unalipa. Kanuni za Benki Kuu (BoT) za 2012 ziliweka utaratibu wa kampuni za kutunza taarifa za wakopaji. Kumbukumbu za mikopo ya benki zinafika huko, na kabla ya kukupa hela benki zinachungulia. Alama zako zikiwa mbaya, imekula kwako. Ila una haki ya kuomba kuziona taarifa zako, na zikiwa na kosa kudai zirekebishwe. Hapo nawapongeza.

Lakini nikamkumbuka mama kule Nyangoto. Unga, sukari, sabuni, vyote anakopa kwa Mangi, anaandikwa kwenye daftari. Nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyetumwa kupeleka hela, na hatukuwahi kupitisha mwezi. Mwaka jana akaenda mahali kuomba mkopo wa cherehani, akaambiwa hana historia ya mikopo. Hana historia jamani! Na jina lake limejaa kwenye madaftari ya Mangi, kila deni limepigwa mstari!

Jana nimempigia simu nikamsimulia habari za 1923. Akacheka weee, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, huyo ofisa wa Mzungu angeniidhinishia cherehani?"

Nikakosa jibu. Ngoja niwahi foleni ya msosi, bumu lenyewe halijatoka.